Maisha ya Ernest Bevin, Aliyewatetea Wachukuzi wa Bandarini

Katika taarifa ya mwaka ya chama kama hiki msomaji hutazamia kuona hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, misiba iliyogharimiwa, na majina ya wanachama wapya. Hayo yana kurasa zake. Hapa tumeweka habari za maisha ya mtu mmoja, ili wazee na vijana wapate la kuzungumza baada ya mkutano kwisha. Habari za Makhan Singh, za Chege Kibachia na za Tom Mboya zimesimuliwa mara nyingi katika mabaraza yetu. Lakini sheria za vyama vya wafanyakazi zilizotumika Kenya, pamoja na desturi ya mwajiri na chama kuketi meza moja, kwa sehemu kubwa zilitoka Uingereza, na huko nako hazikushuka kama mvua. Zilipiganiwa. Mmoja wa wale waliozipigania zaidi ni Ernest Bevin, yatima aliyeacha shule akiwa na umri wa miaka 11, akafa akiwa Waziri wa Serikali.

Alizaliwa mwezi wa Machi mwaka wa 1881 katika kijiji kidogo cha Winsford, wilaya ya Somerset, magharibi ya Uingereza. Baba yake hakujulikana. Mama yake, Diana Bevin, alijipatia riziki kwa kazi za nyumbani katika nyumba za watu na kwa kuwazalisha wanawake wa kijijini. Mama huyo alifariki mwaka wa 1889, na mtoto, ambaye alikuwa na miaka 8 tu, akachukuliwa na Mary, dada yake wa mama mmoja, aliyeolewa na mfanyakazi wa reli katika wilaya ya Devon. Shule aliyoipata ilikuwa ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Mwaka wa 1892 aliiacha, akaenda kwa mkulima kuchunga, kukata majani ya ng'ombe na kung'oa mawe shambani. Si ajabu kwamba hata alipokuwa Waziri mwandiko wake ulikuwa mgumu kusomeka, na makarani wake walipata shida nao.

Kijana huyo hakukaa shambani sana. Akiwa na umri wa miaka 13 hivi aliwafuata ndugu zake katika mji wa Bristol, mji wa bandari. Huko alifanya kila kazi iliyopatikana: kuosha vyombo jikoni, kusaidia katika mikokoteni, kukata tikiti katika tramu, na mwishowe kuendesha gari la farasi la kusambaza maji ya chupa madukani. Jumapili alikwenda kanisa la Kibaptisti, akajifunza kusimama mbele ya watu na kusema bila karatasi. Mwenye kusikia hotuba zake za baadaye, zilizokuwa ndefu na zenye mifano ya maisha ya kila siku, aliweza kutambua kwamba mimbari ndiyo iliyokuwa chuo chake.

Mwaka wa 1908 kazi ilikuwa haba mno katika Bristol. Bevin alikuwa katibu wa halmashauri iliyodai watu wapewe kazi. Jumapili moja aliwaongoza watu kama 400 wasio na kazi, nguo zao zimechakaa, wakaingia kwa utaratibu katika kanisa kuu la mji wakati wa ibada, wakaketi kimya kati ya matajiri. Hawakupiga kelele wala hawakuvunja kitu. Baadaye Baraza la Mji lilikubali kuwapa watu kazi ya kuchimba ziwa katika bustani ya Eastville, na ziwa hilo lipo hata leo. Hapa mtu anaweza kuuona mwenendo wake wa siku zote: kwanza kuwaonyesha wakubwa jambo lenyewe kwa macho yao, ndipo kuomba.

Sasa yafaa tueleze jinsi kazi ya bandarini ilivyokuwa, maana bila kuijua mtu hawezi kumfahamu Bevin. Katika bandari za Uingereza mchukuzi hakuwa na mwajiri wa kudumu. Kila asubuhi, na mara nyingi tena mchana, mamia ya watu walisimama mbele ya lango. Nyapara alipanda mahali pa juu, akawatazama, akachagua aliowataka kwa kidole. Meli zikiwa nyingi, wengi walipata. Meli zikiwa chache, waliobaki walirudi nyumbani mikono mitupu, na mke alijua habari kabla hajaambiwa, kwa kuona saa mume aliyorudi. Watu walisukumana, wengine walimnunulia nyapara pombe ili awakumbuke kesho yake. Na yule aliyechaguliwa aliweza kuajiriwa kwa saa chache tu.

Wazee waliofanya kazi Kilindini hawahitaji kuelezwa zaidi. Neno letu kibarua lilitokana na ile barua ndogo, yaani cheti cha kazi ya siku. Cheti hicho kilimpa mtu siku moja, hakikumpa kesho. Kwa hiyo mwajiri hakuwajibika kumjua mfanyakazi, wala jina lake, wala ugonjwa wake, wala nyumba anayolala. Na chama nacho kilipata taabu, kwani utamwandikisha vipi mtu ambaye leo yuko gati hili, kesho gati lile, keshokutwa hayuko popote? Shida hiyo ilikuwa ile ile London, Bristol, Liverpool na Mombasa. Tofauti ilikuwa ya miaka tu.

Mwaka wa 1889 wachukuzi wa London waligoma kwa muda wa wiki tano wakidai peni 6 kwa saa. Watu kama 100,000 walishiriki, na walikaribia kushindwa kwa njaa, mpaka wafanyakazi wa Australia, nchi iliyo upande wa pili wa dunia, walipowapelekea fedha zaidi ya pauni 30,000. Walishinda, na kutokana na mgomo huo kikakua chama cha wachukuzi kilichoongozwa na Ben Tillett. Chama hicho ndicho Bevin alichojiunga nacho mwaka wa 1910. Wachukuzi wa Avonmouth, bandari ya Bristol, walikuwa wamegoma, na ikaonekana kwamba waendesha mikokoteni wakiendelea kubeba shehena mgomo hauna nguvu. Bevin, mwendesha mkokoteni mwenyewe, aliwakusanya wenzake mwezi wa Agosti wakaanzisha tawi lao. Mwaka uliofuata akaacha farasi, akawa mtumishi wa chama wa kudumu. Mwaka wa 1915 alitumwa Marekani kuhudhuria mkutano wa vyama vya wafanyakazi vya nchi hiyo katika mji wa San Francisco, ikawa mara yake ya kwanza kuona kwamba madai ya mfanyakazi yanafanana kila nchi, ijapokuwa sheria hazifanani.

Twafika sasa mwaka wa 1920, mwaka uliomfanya ajulikane nchi nzima. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha, bei za vitu zimepanda, na wachukuzi wa bandari zote walidai shilingi 16 kwa siku na wiki ya kazi ya saa 44. Zamani ungekuwa mgomo. Safari hii Bevin alishauri jambo jipya: sheria ya mwaka wa 1919 iliruhusu kuundwa kwa Baraza la Uchunguzi, basi chama kiende mbele ya Baraza hilo, hadharani, na waajiri waje nao waeleze vitabu vyao. Wengine katika chama walinung'unika, wakasema kwamba mahakama ni za matajiri. Baraza likaundwa chini ya uenyekiti wa Lord Shaw. Waajiri walimweka wakili mkubwa, Sir Lynden Macassey. Wachukuzi hawakuweka wakili. Walimweka Bevin.

Alizungumza kwa muda wa saa 11, zilizogawanywa katika siku tatu. Hakupiga meza. Alieleza uzito wa magunia, urefu wa ngazi, ajali, siku ambazo mtu hakuchaguliwa, kodi ya nyumba, na faida walizopata wenye meli wakati wa vita. Tena hakuomba huruma. Alitaka kujua kwa hesabu gani mtu anayebeba chakula cha taifa zima mgongoni mwake aambiwe kwamba yeye mwenyewe amekwisha shiba.

Waajiri walimleta shahidi, Profesa Bowley, bingwa wa hesabu za takwimu aliyeheshimiwa sana, naye alionyesha kwa tarakimu kwamba jamaa ya watu watano waweza kuishi kwa pauni 3 na shilingi 17 kwa wiki. Karatasi yake ilikuwa safi na jumla zake zilikuwa sawa. Mtu mwingine angeita profesa wa pili ampinge wa kwanza. Bevin alifanya jambo lingine. Alikwenda na katibu wake mpaka soko la Canning Town, mtaa wa wachukuzi, akanunua chakula kwa kiasi kile kile profesa alichokiandika. Wakakipika, wakakigawa katika sahani tano. Siku iliyofuata alizileta sahani hizo mbele ya Baraza: kipande chembamba cha nyama, viazi vichache, kabichi kidogo. Akamwuliza profesa kama hicho ndicho chakula cha kutosha kwa mtu atakayebeba magunia ya ngano siku nzima, na kama profesa mwenyewe alipata kuinua gunia namna hiyo. Magazeti yaliandika habari za sahani hizo kila mahali, na tangu hapo watu wakampa Bevin jina la wakili mkuu wa wachukuzi, ingawa hakusoma sheria hata siku moja.

Sisi makarani tunaokaa na tarakimu mchana kutwa twapaswa kulitafakari jambo hili. Profesa hakusema uongo. Jumla yake ilikuwa ya kweli juu ya karatasi. Lakini hakuna mtu aliyekuwa ameiweka mezani pa kula mpaka siku ile.

Baraza lilikubali shilingi 16 kwa siku ziwe kima cha chini katika bandari zote, na saa 44 kwa wiki. Likaenda mbele zaidi, likasema kwamba desturi ya kuajiri watu kwa siku ni mbaya na yafaa ikomeshwe. Wachukuzi waandikishwe, na asiyepata kazi ingawa amefika apate cha kumtunza. Hapo waajiri walisita. Uandikishaji ulianza katika bandari kadhaa, lakini malipo ya siku zisizo na kazi hayakukubaliwa. Tena biashara ilipolegea mwaka uliofuata, zile shilingi 16 zilianza kupunguzwa. Bevin aliona wazi kwamba ushindi wa mbele ya Baraza hauna maisha marefu ikiwa hapana chama chenye nguvu cha kuulinda kila siku pale kazini.

Kwa sababu hiyo aliunganisha vyama. Siku ya kwanza ya mwaka wa 1922 vyama 14 viliungana kuwa kimoja, Chama cha Wafanyakazi wa Uchukuzi na wa Kazi Nyinginezo, chenye wanachama zaidi ya 300,000, na yeye akawa Katibu wake Mkuu. Waliowahi kujaribu kuunganisha hata vyama viwili vidogo vya mazishi wanajua ugumu wake: kila chama kina mwenyekiti asiyetaka kuwa makamu, na kila sanduku la fedha lina mlinzi wake. Bevin aliwapa nafasi wakubwa wa vyama vya zamani, na kila kazi akaipa idara yake: wachukuzi idara yao, madereva wa mabasi yao, waendesha malori yao, hata makarani wakapewa yao. Hivyo mtu wa bandarini hakuhofia kwamba mambo yake yataamuliwa na mtu wa basi, lakini ikiwapo shida wote walikuwa chini ya paa moja. Chama kiliendelea kukua, na kabla ya Vita Vikuu vya Pili kulipuka kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa duniani.

Hatutaki kumfanya malaika. Mwezi wa Mei mwaka wa 1926 vyama vingi vya Uingereza viligoma pamoja kuwaunga mkono wachimba makaa ya mawe, na Bevin ndiye aliyeupanga mgomo huo kuliko mtu mwingine. Baada ya siku 9 viongozi waliusimamisha bila kupata ahadi yoyote iliyoandikwa. Wachimba makaa wakaachwa peke yao kwa miezi mingi, na wafanyakazi wengi waliorudi walikuta nafasi zao zimekwisha kupewa wengine. Bevin naye alikuwamo katika uamuzi huo. Miaka miwili baadaye alikuwa mmoja wa wale waliokwenda kuzungumza na Sir Alfred Mond na wenzake, waajiri wakubwa wa viwanda, juu ya njia ya kushauriana kabla mambo hayajaharibika. Wapo waliomwita msaliti. Yeye aliona kwamba kuzungumza na mwajiri si kumsujudia, mradi nyuma yako wapo watu waliojiandikisha na kulipa ada. Na mwaka wa 1937, wakati wa kutawazwa kwa Mfalme, madereva wa mabasi wa London waligoma karibu wiki nne. Walipokosa kufaulu, Bevin aliwaadhibu viongozi wao ndani ya chama kwa sababu walikuwa wakikaidi makao makuu. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzito, asiyesahau aliyempinga, na chama alikiongoza kama baba wa nyumba ya zamani anavyoongoza wanawe. Jambo hilo lilikuwa na faida zake, lilikuwa na hasara zake pia.

Kati ya kazi za miaka ile moja yafaa itajwe. Alikuwa katika kamati iliyochunguza likizo za wafanyakazi, na kutokana na kazi yake ikapitishwa sheria ya mwaka wa 1938 kuhusu likizo yenye malipo. Kabla ya hapo wafanyakazi wengi wa mikono, wakipumzika, walipumzika bila mshahara.

Mwezi wa Mei mwaka wa 1940, vita vikiwa vibaya sana kwa Uingereza, Winston Churchill alimwita Bevin awe Waziri wa Kazi. Hakuwa hata Mbunge. Ilibidi atafutiwe kiti. Ajabu yake ni kwamba mtu aliyeishi kwa kuongoza migomo alipewa uwezo, chini ya sheria ya hatari, wa kumwamuru mtu yeyote wa nchi ile kufanya kazi yoyote mahali popote. Baadhi ya vijana walipelekwa kuchimba makaa kwa kura badala ya kwenda jeshini. Migomo ilipigwa marufuku kwa amri, na magomvi yote yapelekwe kwa wasuluhishi.

Lakini twaona kwamba hakusahau alikotoka. Waajiri walipofungiwa wafanyakazi wao ili wasihame, Bevin aliwafunga waajiri nao: hakuna kumfukuza mtu bila idhini, na mshahara wa wiki lazima utolewe hata kazi ikisimama. Kiwanda cha silaha chenye watu zaidi ya 250 kililazimishwa kuwa na chumba cha kulia chakula cha moto. Katika viwanda vingi ziliundwa kamati za wakubwa na wafanyakazi za kushauriana jinsi ya kuongeza kazi. Kwa wapishi na watumishi wa hoteli, ambao vyama havikuweza kuwafikia kwa urahisi, alileta sheria ya mwaka wa 1943 ya kuweka mabaraza ya mishahara, ijapokuwa Wabunge zaidi ya 100 waliipinga.

Amri ya kukataza migomo ilipata jibu lake katika machimbo ya Betteshanger, wilaya ya Kent, mwaka wa 1942. Wachimbaji waligoma juu ya malipo. Zaidi ya watu 1,000 walitozwa faini na viongozi watatu wakatiwa gerezani. Makaa hayakutoka. Ilibidi wakubwa waende gerezani kufanya mapatano na hao hao waliofungwa, nao wakafunguliwa kabla ya kumaliza kifungo chao, na faini nyingi hazikulipwa kamwe. Wizara ya Bevin yenyewe ilikuwa imeshauri wasishtakiwe, lakini hakusikilizwa mtu mpaka makaa yalipokwisha.

Ndipo ikaja siku ya wachukuzi. Meli za vita hazikuweza kungoja nyapara achague watu kwa kidole, na kile ambacho waajiri walikikataa tangu 1920 kikafanyika kwa sababu ya vita. Mwaka wa 1940 iliamriwa kila mchukuzi aandikishwe, na kuanzia 1941 aliyefika bandarini akakosa kazi alilipwa kwa kufika kwake. Vita vilipokwisha mambo hayo hayakuachwa yarudi nyuma. Sheria ya mwaka wa 1946 ilifuatwa na mpango wa taifa wa mwaka wa 1947, ulioendeshwa na halmashauri ambamo waajiri na chama walikuwa na viti sawa. Hakuna aliyeweza kuandikishwa au kufutwa bila pande zote mbili kuketi. Mpango huo ulidumu hadi mwaka wa 1989, Serikali ya siku hizo ilipouvunja.

Mwaka huo huo wa 1947, mwezi wa Januari, Mombasa ilisimama. Wafanyakazi kama 15,000, wa bandarini, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, waligoma, na kutoka katika mgomo huo kikazaliwa chama kilichoongozwa na Chege Kibachia, ambaye kabla ya mwaka kwisha alihamishwa kwa nguvu. Mombasa ilikuwa imekwisha kugoma mwaka wa 1939 pia. Hapa ndipo msomaji wa Kenya atakapouliza swali, nasi hatulikwepi. Katika Serikali iliyotawala Uingereza tangu Julai 1945 walikuwamo watu wengi wa vyama vya wafanyakazi, na Bevin alikuwa wa pili kwa nguvu ndani yake. Chini ya Serikali hiyo, mwezi wa Mei mwaka wa 1950, Makhan Singh na Fred Kubai, viongozi wa muungano wa vyama vya wafanyakazi wa Afrika ya Mashariki, walikamatwa Nairobi. Makhan Singh hakufunguliwa mpaka mwezi wa Oktoba mwaka wa 1961. Hatusemi Bevin ndiye aliyeamuru; mambo hayo yalikuwa ya Gavana na ya Wizara ya Makoloni. Lakini yeye mwenyewe aliitazama Afrika zaidi kama ghala la mali litakaloisaidia Ulaya kusimama tena, kuliko kama nchi za watu wenye madai yao. Sahani tano alizipeleka London. Hapana aliyezileta Kilindini.

Zilikuja kuletwa na wenyeji. Mwezi wa Machi mwaka wa 1955 wachukuzi wa Mombasa waligoma, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo mkutano wa watu wachache tu uliweza kumpeleka mtu kizuizini. Tom Mboya, kijana wa miaka 24, alikwenda Mombasa, akawashauri warudi kazini na madai yao yapelekwe mbele ya msuluhishi. Nao walipata nyongeza ya kama theluthi moja. Anayesoma habari za 1920 ataona njia ni ile ile: kazi iendelee, hesabu iwekwe mezani, na nyuma yake wawepo watu walioungana. Baada ya hapo Mboya alikwenda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1962, akiwa Waziri wa Kazi, aliwakutanisha Chama cha Waajiri wa Kenya na Muungano wa Wafanyakazi wakatia sahihi pamoja na Serikali Mkataba wa Uhusiano wa Kazini, ambao ulieleza jinsi chama kitakavyotambuliwa na mwajiri, na jinsi magomvi yatakavyosuluhishwa kabla ya mgomo. Mwaka wa 1964 ikafuata Mahakama ya Kazi.

Turudi kwa Bevin. Tangu 1945 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Habari za kazi hiyo ni nyingi na hazihusu sana kurasa hizi: msaada wa Marekani kwa nchi za Ulaya mwaka wa 1947, mapatano ya ulinzi ya mwaka wa 1949, na mambo ya Palestina, ambayo yalimshinda na kumletea lawama kutoka pande zote. Wajumbe wa mataifa makubwa, waliosoma katika vyuo vya fahari, walikuta mbele yao mtu aliyezungumza nao kama vile alivyozungumza na wenye meli, akitaka kujua kila jambo litagharimu kiasi gani na nani atalipa.

Moyo ulikuwa umechoka. Daktari wake alikuwa amemwonya kwa miaka mingi, naye aliendelea kufanya kazi, kula na kuvuta sigara kama kijana wa Bristol. Mwezi wa Machi mwaka wa 1951, alipotimiza miaka 70, aliondolewa katika Wizara yake akapewa cheo chepesi, na jambo hilo lilimhuzunisha. Alifariki tarehe 14 Aprili mwaka huo huo, nyumbani kwake London, akimwacha mkewe Florence na binti yao mmoja. Majivu yake yaliwekwa katika kanisa la Westminster Abbey, mahali walipowekwa wafalme wengi na mashujaa wa nchi ile. Chama alichokiunda mwaka wa 1922 kilidumu kwa jina lake mpaka mwaka wa 2007, kilipoungana na kingine na kuwa Unite.